Mlango wa kutokea tu: kifaa bora cha kumtoa rakuni darini, ukifungwa inavyotakiwa

Kati ya vifaa vinavyouzwa kwa ajili ya rakuni (mnyama pori wa Amerika Kaskazini anayetembea usiku) waliohamia darini, mlango wa kutokea tu unashika nafasi ya kwanza. Ni kisanduku cha wavu wa chuma kinachofungwa juu ya tundu analopitia, chenye mdomo wa kama sentimita 25 kwa 30, na ndani yake mnaning'inia kilango kinachofunguka kuelekea nje peke yake. Usiku rakuni anakisukuma kwa kichwa akienda kutafuta chakula, kinajifunga nyuma yake, naye hana pa kurudia. Hakuna chambo wala mnyama mwenye hasira wa kubeba.

Ukinunua, angalia kwanza kilango kimekaa wapi. Rakuni ana vidole vitano vyepesi, na akirudi alfajiri hupapasa kila ukingo akitafuta pa kuingiza kucha. Kilango kilichozama ndani ya kisanduku hakimpi nafasi hiyo. Kile kilichopachikwa mdomoni kabisa hufunuliwa kutoka chini. Angalia pia springi. Ukutani, uzito wa kilango unatosha kukifunga, lakini kwenye mteremko wa paa hautoshi. Springi ikiwa ngumu mno, mnyama anakata tamaa na kutoboa kwingine. Sukuma kwa vidole viwili: kifunguke bila nguvu, kisha kijifunge chote.

Kifaa kizuri namna gani, kikifungwa vibaya ni bure. Kabla ya kukiweka, ziba kila sehemu dhaifu nyingine: matundu ya hewa ya plastiki juu ya paa, fisha bodi (ubao wa ukingoni mwa paa) iliyooza, dohani isiyo na kofia. Tumia wavu wa chuma wa geji 16 (unene wa waya, kama milimita 1.6) wenye matundu ya sentimita 1.3, upite ukingo wa tundu kwa sentimita 15 kila upande, na uukaze kwa skrubu zenye washa pana (vibati vya duara chini ya kichwa cha skrubu) kila baada ya sentimita 10. Wavu wa kuku anauchana kwa mikono. Skrubu nazo ziingie kwenye mbao nzima, maana mbao zilizolainika kwa maji huachia akivuta mara mbili tatu.

Jambo la kupewa uzito kuliko yote ni watoto. Rakuni wengi huzaa majira ya kuchipua, na kwa wiki nane za kwanza au zaidi watoto hawawezi kumfuata mama. Ukimfungia nje, atabomoa paa kuwafikia, au watakufa njaa darini. Ukisikia sauti nyembamba za kulialia, usiweke mlango huu. Subiri watoto watembee, au mwite mtaalamu awatoe na kuwaweka karibu, ambapo mama atawachukua mwenyewe.

Mtego wa kisanduku, unaomfungia mnyama ndani, nao unauzwa, lakini sisi hatuupendekezi. Unaweza kumnasa mama na kuwaacha watoto, huku tundu likibaki wazi kwa rakuni mwingine. Tena sehemu nyingi kumhamisha mnyama pori mbali ni kosa kisheria.

Acha mlango mahali pake usiku kadhaa. Nyunyiza unga ndani, mbele ya kilango, uone nyayo. Zisipoonekana tena kwa usiku tatu mfululizo usio na mvua kubwa, uondoe mlango na uzibe tundu kwa wavu uleule. Wakati wa baridi kali ongeza siku, kwa sababu rakuni anaweza kulala siku nyingi bila kutoka.

Baada ya hapo kuna choo chake, ambacho huwa mahali pamoja darini. Kinyesi hicho kinaweza kuwa na mayai ya minyoo hatari kwa ubongo wa binadamu, na dawa ya klorini haiyaui. Vaa barakoa na glavu, kilowanishe kidogo vumbi lisipae, kikusanye kwenye mfuko na ufunge, kisha mwagia maji yanayochemka sehemu inayoyahimili. Sufi ya kuzuia joto iliyochafuka usihangaike kuisafisha, itoe yote.