Stesheni ya Southgate, London: uzoefu wangu na jengo zuri lisilo na lifti

Nianze na alama. Kwa abiria mwenye begi moja mgongoni, Southgate naipa nyota nne na nusu kati ya tano. Kwa mwenye masanduku mawili, kigari cha mtoto au kiti cha magurudumu, nyota mbili, na hizo ni kwa ajili ya uzuri tu. Chanzo cha tofauti hiyo ni kilima.

Southgate iko kaskazini mwa London, zoni ya 4 ya nauli (zoni ya 1 ni katikati ya mji), kwenye laini ya Piccadilly ya treni za chini ya ardhi. Ukihesabu kutoka mwisho wa laini ni ya tatu: Cockfosters, Oakwood, Southgate, halafu Arnos Grove. Treni ikitoka mjini husafiri chini ya ardhi mpaka karibu na Arnos Grove, ndipo inapotokeza juani. Baada ya hapo huvuka bonde la Arnos Park juu ya daraja la matofali lenye matao, na mbele yake kuna kilima cha Southgate. Reli haiwezi kupanda mwinuko kama basi, kwa hiyo ilipitishwa ndani ya kilima kwa mahandaki mawili mafupi, moja kwa kila upande. Ndiyo maana kati ya stesheni hizo nne za mwisho, Southgate peke yake ndiyo iliyo chini ya ardhi. Jengo liko juu kilimani, majukwaa yako tumboni mwake.

Ukisimama jukwaani utazame upande wa Oakwood utaona mwanga wa mchana kwenye mdomo wa handaki. Katika stesheni za London zilizochimbwa kwa mahandaki ya mviringo kama bomba, hilo ni jambo adimu. Wengi hawalioni kwa sababu macho yako kwenye simu.

Laini hii ilifika huku kwa kugombaniwa. Ilipofunguliwa tarehe 15 Desemba 1906 ilitoka Hammersmith ikaishia Finsbury Park, na abiria wote wa kaskazini walishushwa hapo kugombania tramu na mabasi barabarani. Kampuni ya reli ya Great Northern ilikuwa na haki kisheria ya kuzuia laini isisogee zaidi, isije ikawanyang'anya wateja wake. Mwaka 1923 wakazi walipeleka ombi lenye saini 30,000. Fedha zilipatikana baada ya sheria ya mwaka 1929 iliyoiruhusu serikali kudhamini mikopo ya ujenzi ili watu wasio na kazi wapate ajira. Kipande cha kwanza, hadi Arnos Grove, kilifunguliwa tarehe 19 Septemba 1932. Southgate ikafuata tarehe 13 Machi 1933, siku moja na stesheni ambayo leo inaitwa Oakwood. Cockfosters ilifunguliwa Julai mwaka huohuo. Kabla ya kufunguliwa kulikuwa na pendekezo Southgate iitwe Chase Side, jina la barabara ya jirani. Afadhali halikupita.

Mchoraji wa jengo ni Charles Holden, aliyekuwa akifanya kazi na Frank Pick, kiongozi wa Underground, shirika la treni za chini ya ardhi. Wawili hao walizunguka Ujerumani, Uholanzi, Denmark na Uswidi mwaka 1930 kuangalia majengo mapya, na matunda ya safari ile yamejaa kwenye laini hii. Arnos Grove ina ukumbi wa mviringo wa matofali uliosimama juu ya msingi wa mraba. Southgate ni ya mviringo tangu chini: duara pana la ghorofa moja, dari bapa la zege lililotokeza nje kama ukingo wa kofia, juu yake mkanda wa madirisha, na kileleni mnara mfupi wa taa wenye tufe. Watu huifananisha na chombo cha kutoka sayari nyingine. Mimi naiona kama kawa iliyofunika sinia. Ndani, paa lote limeegemea nguzo moja ya katikati. Pembeni mwa duara kuna maduka, na ng'ambo ya njia ya mabasi kuna jengo la Station Parade lililopinda kama mwezi mchanga, ambalo Holden alilifanya mwenza wa stesheni. Basi hupita katikati ya hayo mawili, hivyo kutoka mlangoni hadi kwenye kituo cha basi ni hatua chache tu. Hapo ndipo mchoraji alipofikiria abiria kuliko picha.

Jengo lilisajiliwa kuwa urithi daraja la II mwaka 1971, likapandishwa hadi II* mwaka 2009, muda mfupi baada ya ukarabati. Kinachonifurahisha zaidi ni taa za shaba zilizosimama kwenye nafasi kati ya ngazi za umeme, zikirusha mwanga juu darini badala ya kukupiga machoni. Stesheni nyingi zilizokuwa nazo zilizing'oa. Hapa zimebaki.

Sasa matumizi. Kushuka kuna ngazi za umeme mbili, na kati yake ngazi ya kawaida. Lifti hakuna. Ngazi ya umeme moja ikifungwa kwa matengenezo, iliyobaki kwa kawaida huelekezwa juu na wanaoshuka hutumia miguu. Mwenye mzigo mzito asijaribu bahati: ashuke Oakwood, kituo kimoja mbele, ambako kuna lifti kutoka jukwaani hadi barabarani, kisha arudi na basi namba 121. Mabasi ya London hayapokei pesa taslimu tangu Julai 2014, kwa hiyo kadi iwe tayari mkononi.

Kwa anayetoka Nairobi na Kenya Airways akashukia Terminal 4 ya Heathrow, laini hii inamleta mpaka Southgate bila kubadilisha treni. Tenga kama saa moja na nusu. Ni polepole, lakini ni nafuu sana ukilinganisha na teksi, na hakuna kuburuta sanduku kwenye vichochoro vya King's Cross. Mtego uko kwenye kibao cha mbele ya treni. Treni nyingi huishia Arnos Grove, yaani kituo kimoja tu kabla ya chako. Ukiona jina hilo usisubiri nyingine pale Heathrow, panda. Arnos Grove ina njia tatu za reli, na treni inayoishia hapo mara nyingi huingia ile ya katikati, yenye jukwaa pande zote mbili. Teremkia upande wa njia ya Cockfosters, geuka, subiri palepale, bila kupanda ngazi yoyote. Treni iliyoandikwa Oakwood au Cockfosters inakufikisha moja kwa moja.

Kurudi uwanjani kuna mtego wa pili. Mbele ya Acton Town laini inagawanyika: tawi moja kwenda Heathrow, jingine Rayners Lane na Uxbridge. Ukipanda ya Uxbridge, shuka Hammersmith na usubiri ya Heathrow kwenye jukwaa hilohilo. Angalia pia terminal, kwa kuwa treni ya Terminal 5 haipiti Terminal 4. Jukwaa la kwenda mjini limeandikwa "magharibi" kwa Kiingereza, ijapokuwa ukitoka Southgate unaelekea kusini. Usibishane nalo, magharibi ni mjini na Heathrow, mashariki ni Cockfosters.

Asubuhi Southgate ina faida ambayo wenzetu wa Turnpike Lane, stesheni iliyo karibu zaidi na mji, hawana: treni imepita vituo viwili tu, kiti kipo. Ikifika Finsbury Park huwa imeshonana. Anayekwenda Oxford Circus au Victoria avukie hapo kwenda laini ya Victoria, kwa sababu treni za kwenda mjini za laini zote mbili husimama kwenye jukwaa moja, huku na huku. Ni kutoka mlango huu na kuingia ule.

Nauli ya juu hutozwa Jumatatu hadi Ijumaa, saa 12:30 hadi 3:30 asubuhi na saa 10 jioni hadi saa 1 usiku, kwa saa zetu za Kiswahili. Kwenye mabango ya kule ongeza au punguza sita. Safari ya Heathrow inayopita zoni ya 1 hutozwa nauli ya juu muda wote, hata Jumapili. Gusa kadi ukiingia na uguse tena ukitoka, kwa kifaa kilekile. Kadi ya benki na simu iliyounganishwa na kadi hiyohiyo huhesabiwa kama abiria wawili, na kila mmoja atakatwa nauli kubwa kabisa kwa safari isiyokamilika. Kosa hili ni la kawaida sana, na linauma kwa sababu hulioni mpaka taarifa ya benki ifike.

Usiku wa Ijumaa na Jumamosi treni hazilali. Huduma ya usiku kucha kwenye Piccadilly ilianza Desemba 2016, kati ya Cockfosters na Terminal 5, takriban kila dakika 10. Terminal 4 haimo katika huduma hiyo.

Udhaifu wa laini yenyewe unaonekana zaidi Oktoba hadi Desemba. Treni hizi za mabehewa sita zilianza kazi mwaka 1975, na kiyoyozi hazina. Majani yakidondoka kwenye sehemu za wazi, magurudumu huyaponda yakawa utando laini kama sabuni juu ya reli. Dereva akifunga breki, gurudumu linaacha kuzunguka linateleza, na mahali pamoja panalika pakawa bapa. Gurudumu la namna hiyo hugonga kila mzunguko, hivyo treni hutolewa njiani ikachongwe upya karakana. Zikiwa nyingi kwa pamoja, treni za kutosha hazipatikani. Ndivyo ilivyokuwa mwaka 2023 na tena 2024. Handaki la Southgate halipati majani, lakini halikusaidii ikiwa treni imekwama karakana. Miezi hiyo ongeza dakika 20 kwenye hesabu ya safari ya uwanja wa ndege. Treni mpya zilizoagizwa kutoka Siemens, za mabehewa tisa yaliyoungana na zenye hewa baridi, zimechelewa kuliko ratiba ya kwanza.

Anayekuja na gari asilete hapa: nafasi za kuegesha ziko Oakwood na Cockfosters. Na anayekuja kutazama jengo tu, aje jioni taa zikishawashwa, asimame upande wa Station Parade, kisha ashuke chini angalau mara moja kuziona zile taa za shaba.