Fundi aliyeomba ndoo ya maji kabla ya kutaja bei

Bafu letu la koridoni linatumiwa na watoto wanne pamoja na kila mgeni anayefika. Na wageni hatukosi. Tunakaa Mwanga hapa Kigoma, kwa hiyo ndugu wa Kasulu na Buhigwe wakileta mgonjwa hospitali ya Maweni wanafikia kwetu, na wa kupanda treni ya Dar wanalala kwetu siku moja kabla. Silalamiki, ndiyo kazi ya nyumba ya mjini. Ila bafu lenyewe lilinitia aibu miaka mingi.

Sakafu ya saruji ilikuwa imelika hadi kokoto zinachungulia. Maji ya kuoga yalilikwepa tundu la kutolea maji yakaja mlangoni, hivyo mgeni akiingia kuoga, mimi nakaa tayari na dekio. Usiku mende walipanda kutoka kwenye tundu hilo hilo.

Mafundi wawili wa kwanza waliingia, wakapima kwa hatua, wakataja bei. Mmoja alishanichagulia na rangi ya vigae. Wa tatu, kijana wa Ujiji niliyeelekezwa na jirani, alisimama mlangoni akasema, "Shikamoo mama. Naomba ndoo moja ya maji." Akaimwaga yote, akachuchumaa, akawa anatazama tu. Maji yakatuama katikati, mengine yakatufuata miguuni. "Ukiweka vigae juu ya hii," akasema, "utakuwa umelivalisha dimbwi nguo mpya."

Alitaka shilingi 350,000 za ufundi, elfu themanini zaidi ya wenzake. Nikampa kazi hapo hapo.

Alivunja sakafu yote. Bomba la kwenda shimoni halikuweza kushushwa, kwa hiyo aliinua upande wa mlango, akavuta uzi hadi kwenye tundu na kuhakikisha kila mita inashuka sentimita mbili. Bafu lina urefu wa mita 2.4, kwa hiyo tofauti kati ya mlango na tundu haifiki sentimita tano. Kwa macho huioni kabisa, maji yanaiona. Kila mstari wa vigae aliulalia na pima maji yake, na pale nilipomwambia "panatosha hapo", alinijibu kwa heshima kwamba hapatoshi.

Kwenye tundu alifunga kiwiko kinachobakiza maji kidogo chini. Bomba la zamani lilikuwa limenyooka moja kwa moja hadi shimoni, ndiyo maana harufu na mende walikuwa na njia yao. Sasa maji yale yanaziba. Alinionya kwamba tukisafiri siku nyingi yatakauka na harufu itarudi, nimwage kopo moja tu. Tulipokwenda Kasulu wiki mbili nikarudi nikakuta harufu, nikamwaga kopo, ikaisha.

Kelele ilikuwa kwenye choo, ambacho kimo humo humo bafuni. Baba watoto alitaka cha kukaa, "mgeni aone tumejenga". Mimi nilikataa. Wageni wetu wengi hawataki kukalia mahali walipokalia watu wasiowajua, na nimeona kwa macho yangu nyumba ambako wanapanda juu na ndara hadi kifuniko kinapasuka. Watoto nao ni wa kulowesha kila kitu. Lakini mama mkwe magoti yanamsumbua, kuchuchumaa ni mateso kwake. Fundi alisikiliza mabishano siku mbili bila kusema neno, kisha akauliza kama tunamfahamu mtu wa kuchomelea. Tukabakiza choo cha kuchuchumaa, tukafunga bomba la chuma ukutani la kushikia, na mchomeleaji wa Gungu akatutengenezea kiti cha chuma chenye uwazi katikati, kinachosimama juu ya sinki la choo na kuondolewa baadaye. Mama mkwe alipokiona aliuliza kama ni cha kuogea au cha kutawazwa. Sasa akija ndicho anachokiulizia kabla hajatua mzigo.

Kwa watoto, koki ya pili imewekwa chini, sentimita 60 kutoka sakafuni, wajaze ndoo wenyewe bila kuning'inia kwenye ile ya juu. Komeo la ndani lilihamishiwa juu, baada ya kitinda mimba kujifungia asubuhi moja na kulia huku mgeni amesimama nje na taulo begani. Vigae vya chini nilichagua vya kukwaruza, ingawa vinataka brashi. Vile vinavyong'aa ni vya sebuleni. Na grauti, ile ya kujazia kati ya vigae, usiweke nyeupe. Udongo wetu ni mwekundu, na watoto hawajui kunawa miguu kabla ya kuingia. Ukutani, fundi alipoanza na nyeupe, ile ya mstari wa chini ilikuwa ya chungwa ndani ya wiki. Akaikwangua akarudia ya kijivu, bila kuniongezea bei.

Duka nililonunulia vigae sitalitaja, lakini sirudi. Maboksi ya ukutani yalipungua moja, nikarudi kuongeza, nikapewa lenye jina lile lile. Limewekwa ukutani, rangi imefifia kidogo, kama shati lililofuliwa mara mbili zaidi ya mwenzake. Fundi akanionyesha namba ya mkupuo wa kiwandani iliyochapwa ubavuni mwa boksi: ya mwanzo na hili la mwisho hazifanani. Muuzaji akasema vigae vikishakatwa havirudi. Hapo nilijifunza kununua vyote siku moja, pamoja na vya akiba, na kusoma namba kabla ya kulipa. Shatafu yao nayo ilianza kuvuja mwezi wa pili.

Kwa fundi nina lawama mbili. Alisema siku tano, zikawa tisa, kwa sababu alikuwa na kazi nyingine Bangwe na hakutuambia. Siku hizo tulikuwa tunaazima choo cha jirani, na siku ya sita, bila simu wala taarifa, wakashuka wageni watano wa Kasulu na mgonjwa. Jirani ni mtu mwema, lakini niliona anavyohesabu vichwa.

Lawama ya pili ni mlango. Sakafu iliponyanyuka, mlango haukufunguka tena, akamleta seremala wake aukate chini. Vilihitajika vidole viwili, seremala akakata vinne. Bafu sasa linakauka dakika chache baada ya mtu kuoga, dekio limepata likizo, nami nikimwaga ndoo hakuna tone linalobaki. Lakini chini ya mlango kuna uwazi, na kitinda mimba ameugundua. Mgeni akitaka kuoga, kwanza lazima nimwondoe mtoto aliyelala kifudifudi koridoni akimuuliza amefika sehemu gani. Seremala ameahidi kuja Jumamosi. Hii ni Jumamosi ya nne.