Hita plagi za trekta dogo: ipi ununue Mwanza, na kwa nini uanze na namba ya volti

Malalamiko ya wenye matrekta madogo ya Kijapani, kuanzia Magu hadi Misungwi na Kwimba, yanafanana mno. Trekta lilikuwa gumu kuwaka asubuhi, likafungwa hita plagi mpya (plagi za kupasha moto injini ya dizeli kabla ya kuwasha), likawaka vizuri kwa muda, kisha likarudi kulekule. Fundi anapotaka kuzifungua tena, moja haitoki. Akiilazimisha inakatika na ncha inabaki ndani ya silinda hedi, kile kifuniko cha juu cha injini. Mtu aliyekwenda dukani kununua plagi tatu sasa anatafuta gasketi ya hedi na pesa ya fundi, huku majaruba yanamsubiri.

Chanzo mara nyingi ni namba ndogo ya volti iliyogongwa kwenye mwili wa plagi, ambayo mnunuzi haisomi na muuzaji haitaji. Nitaieleza kwa kirefu, kwa sababu ndiyo inayoamua plagi ipi ni nzuri na ipi ni hasara.

Kwanza hakikisha unaihitaji

Wapo wanaouliza plagi ya kupasha moto ni ya nini Mwanza, ambako hakuna theluji wala umande wa kugandisha. Dizeli haina cheche. Inawaka kwa sababu hewa inabanwa mpaka ipate moto wa kutosha. Injini ndogo za Kubota kama D722 na D1105 zina kichumba cha pembeni ndani ya hedi ambamo nozeli inapulizia mafuta. Hewa ikisukumwa humo, joto lake jingi linanyonywa na chuma kilicholala baridi usiku kucha. Juni hadi Agosti alfajiri huweza kushuka hadi nyuzi joto 16 au 17. Ongeza na mwinuko: uso wa Ziwa Victoria uko zaidi ya mita 1,130 juu ya usawa wa bahari, na hapo mgandamizo wa hewa ni kama asilimia 88 ya ule wa pwani. Pistoni inabana hewa pungufu.

Hata hivyo, injini nzima kwa joto letu inahitaji sekunde chache tu za kupasha, na nyingine haihitaji kabisa. Ukiona lazima ushikilie swichi nusu dakika, uachie, urudie, usikimbilie dukani. Pima kompresheni, yaani injini inavyobana hewa. Kwa D1105 kikomo cha chini ni MPa 2.26, yaani kama psi 327, na silinda zisipishane zaidi ya asilimia 10. Chini ya hapo ringi au valvu zimechoka, na plagi mpya itakusitiri kwa muda mfupi tu. Angalia pia kama stata inazungusha kwa nguvu: betri ikishuka chini ya volti 9.6 wakati wa kuzungusha, shida iko kwenye betri au nyaya zake. Moshi mweupe mwingi ukitoka ekzosi wakati stata inazungusha, mafuta yanafika ila hayapati moto. Hapo plagi ni mshukiwa halali. Ekzosi isipotoa moshi wowote, mafuta hayafiki, na plagi haihusiki.

Kuzipima hakuhitaji karakana kubwa. Fungua ule ubapa wa chuma unaoziunganisha juu, kila plagi ibaki peke yake. Weka mita kwenye omu, waya mmoja kichwani mwa plagi na mwingine kwenye mwili wa injini. Nzima ya volti 12 ikiwa baridi husoma takriban omu 0.5 hadi 2. Ikisoma mkato kamili, yaani umeme haupiti kabisa, imekufa. Ukikuta zote tatu zinasoma sawasawa, rudisha ubapa na upime umeme unaofika kwenye ubapa huku zinawaka. Plagi tatu zinaweza kula ampea 30 na zaidi. Fundi aliyetumia waya mwembamba wa taa za nyumbani, ule wa milimita 1.5, amekuibia volti njiani. Kama njiani hakuna kidude cha dashibodi nitakachokieleza hapo chini, tofauti kati ya betri na ubapa isizidi volti 1.

Ncha inayovimba

Ndani ya ncha ya plagi kuna koili ya waya iliyozungukwa na unga wa magnesiamu oksaidi uliokandamizwa, na nje ni mfuko wa chuma kinachostahimili moto. Plagi nzuri zina koili mbili zinazofuatana. Ya mbele inapasha, na ya nyuma inazidi kukataa umeme kadiri inavyopata joto, kwa hiyo ncha inajizuia yenyewe ikifika nyuzi 900 au 1,000 hivi. Za bei ya chini nyingi zina koili moja tu na unga uliojazwa ovyo. Haina breki. Ikizidiwa inaendelea kupanda, unga unatanuka, mfuko unavimba, na ncha iliyoingia ikiwa nyembamba inakuwa nene kuliko tundu ililopitia. Kuanzia hapo haitoki kwa heri.

Plagi yenye koili mbili nayo itavimba ukiipa volti isiyo yake, na hapo ndipo wengi wanapotea. Joto linapanda kwa mraba wa volti. Plagi ya volti 10.5 ukiipa 12 kamili inafanya kazi kwa nguvu zaidi ya kipimo chake kwa karibu asilimia 30. Hiyo inavumilika kwa sekunde chache. Ya volti 8.5 inapata mara mbili. Ya volti 6, ambayo hutumika kwenye mifumo yenye rilei ya kupunguza umeme, inapata mara nne, na inaweza kufa siku hiyohiyo. Kinyume chake pia kipo: maduka yetu yamejaa plagi za malori ya volti 24. Hesi, ile mikato ya kufungia, inaweza kuwa ileile, M10 kwa 1.25 (kipenyo cha milimita 10, hatua ya milimita 1.25), inaingia vizuri kabisa, lakini kwenye betri ya 12 inatoa robo ya joto lake na haitawahi kuwa nyekundu. Mwenye trekta anaambiwa plagi ni mpya, basi anaanza kutengua pampu isiyo na kosa.

Sasa tazama dashibodi ya trekta lako. Matrekta mengi ya zamani kutoka Japani yana kidude cha duara chenye waya unaogeuka mwekundu ukizungusha swichi upande wa kupasha. Wengi wanadhani ni taa. Kile kiko kwenye njia ya umeme wa plagi na kinakula sehemu ya volti, kwa hiyo mtengenezaji aliweka plagi za volti ndogo kufidia. Kikiungua, fundi anaunganisha waya moja kwa moja, kazi ya dakika mbili, na kuanzia siku hiyo plagi zinapata volti zote. Seti ya kwanza inavimba, ya pili inavimba, lawama zote zinakwenda kwenye plagi. Kwa hiyo kabla ya kununua, angalia kama kidude hicho bado kipo njiani. Kama kimerukwa, nunua plagi za volti 11 zinazojizuia, au kirudishe ndipo ununue za namba ya zamani.

Ninavyozipanga

Ya kwanza ni NGK ya Japani, na sioni sababu ya kuzungukazunguka. Namba ya plagi, nyingi zikianza na herufi Y, inapatikana kwenye orodha ya mtengenezaji pamoja na volti yake, urefu wa ncha na aina ya hesi, hivyo hununui kwa kubahatisha. Plagi ya kawaida ya Kubota ya volti 12 kutoka kwao inawahi kuwa nyekundu, nyekundu inaanzia kwenye ncha kabisa, kisha inatulia. Plagi inayoanza kuwa nyekundu katikati au karibu na mwili inapasha mahali ambapo mafuta hayafiki.

Tatizo la NGK ni bandia. Shika plagi mkononi. Maandishi yagongwe kwenye chuma, yasiwe ya wino unaofutika kwa kidole. Hesi iwe laini, nati ya juu iingie kwa vidole bila kukwama, na ncha iwe imenyooka. Izungushe juu ya kioo cha kaunta, ikiyumba iache. Namba ya kwenye mwili ilingane na ya kwenye boksi. Halafu ilinganishe na plagi uliyotoa kwenye injini, kwa kipimo na siyo kwa macho: ncha ikizidi kwa milimita 2 au 3 inakaa kwenye njia ya nozeli na kuliwa, ikipungua haifiki kwenye kichumba.

Ya pili ni HKT au Denso, zote za Kijapani. Ukizikuta zenye namba sahihi ya injini yako na NGK haipo, chukua bila wasiwasi. Bosch na Beru ni nzuri pia, ila utazikuta zaidi za magari kuliko za trekta. Plagi ya boksi la Kubota lenyewe ni salama na bei yake inauma.

Za boksi jeupe lisilo na jina: zinawaka, na kama trekta linauzwa kesho zitakutosha. Zaidi ya hapo siziwekei nafasi.

Mwenye Massey Ferguson 240 au 135 ya silinda tatu asinunue plagi hizi kabisa. Injini yake ya Perkins inapulizia mafuta moja kwa moja juu ya pistoni na haina kichumba cha pembeni. Kinachopasha ni hita ya kuwashia, inayojulikana kwa jina la Thermostart, iliyofungwa kwenye bomba la kuingizia hewa. Inapata moto, inafungua kivalvu chake, inadondosha dizeli kidogo na kuiwasha, na injini inavuta hewa moto. Ipe sekunde 15 hadi 20 ndipo uzungushe stata. Inakufa kwa sababu moja kuu: inawashwa ikiwa kavu. Kabla ya kununua mpya, legeza nati ya mrija wake na uone kama dizeli inadondoka. Isipodondoka, hata mpya itaungua. Ukienda dukani, beba ya zamani ulinganishe hesi.

Kwa pawatila zenye injini ya aina ya S195 au 1115 kuna kitu bora kuliko vyote na hakiuzwi: maji ya moto. Fungua koki ya chini, mimina maji yaliyochemka na kutulia kidogo kwenye tangi la juu ya injini, yaache yapite mpaka yanayotoka chini yawe ya moto mkononi, kisha funga na ujaze. Hedi na silinda vinapata joto pamoja, na hendeli inakuwa nyepesi kwa sababu oili imelegea. Usifanye kinyume, maji baridi kwenye injini iliyokauka ikiwa bado moto, kwani hedi itapasuka.

Spreyi ya kuwashia siishauri kwenye injini yenye hita plagi, kwa bei yoyote. Etha iliyomo inawaka ikigusa ncha yenye moto kabla pistoni haijafika juu, na kinachovunjika ni ringi, pistoni au fimbo yake. Kitambaa chenye petroli mdomoni mwa bomba la hewa kina hatari ileile. Hita za kupasha maji ya injini kwa umeme wa volti 230 ni za nchi za barafu. Mwanza utakuwa umenunua waya wa kujikwaa.

Kwenye kaunta

Kinachoudhi ni kwamba muuzaji anayeuza plagi kila siku hataki kuulizwa volti. Unaambiwa "ni ya Kubota, kaka, zote sawa." Si sawa. Ukiomba kuijaribu kwenye betri unaangaliwa kama mwizi, na ukirudisha iliyokufa unaambiwa umeme haurudishwi. Bei nayo inategemea umevaa nini na umeshuka kwenye gari gani. Plagi isiyo na volti iliyogongwa mwilini isingepaswa kuwekwa kabatini, na mkulima ana haki ya kuiona ikiwaka kabla ya kulipa. Mwambie hivyo kwa adabu: "Bosi, naomba uiguse kwenye betri sekunde kumi mbele yangu." Ishikwe kwa koleo, mwili kwenye hasi, kichwa kwenye chanya. Anayekataa, nenda duka la pili. Na dai risiti yenye namba ya plagi. Neno "spea" peke yake halikusaidii kitu.

Kuzifunga

Zitoe za zamani injini ikiwa na joto, baada ya kupulizia mafuta ya kulegeza kutu na kuyaacha yakae. Hewa yenye unyevu ya kando ya ziwa inashika hesi hizi vibaya. Plagi ya M10 hukatika karibu na Nm 35 (Nm ni kipimo cha nguvu ya kukaza), ya M8 karibu na Nm 20. Ukikaribia hapo bila kulegea, acha, rudisha kidogo, pulizia tena. Ikizunguka vizuri halafu ikagoma kuvutika, imevimba: usiipinde. Hedi ishuke, isukumwe kutoka ndani.

Safisha tundu la masizi kabla ya kuingiza mpya. Anza kwa vidole, malizia kwa spana ya toki, ile inayopima nguvu ya kukaza: Nm 15 hadi 20 kwa M10, Nm 10 kwa M8. Nati ndogo ya juu inataka Nm 2 tu ikiwa ya M4. Fundi anayeikaza kwa nguvu za nati ya tairi anakata koili ndani, na plagi inakufa kabla haijawaka hata mara moja.