Springi za mbele za Hilux Vigo: uliza uzito wa pua kabla ya urefu

Hilux Vigo inatoka kiwandani pua ikiwa chini kidogo kuliko mkia, kwa kuwa springi za bapa za nyuma zimewekwa zikisubiri mzigo. Ukishafunga ngao ya chuma, pua inazama zaidi. Yangu ilifika hatua kwenye makorongo ya Simanjiro ngao inachota mchanga kabla tairi halijaanza kupanda.

Mafundi wengi wa Arusha ukiwaambia unataka kunyanyua gari, wanakutajia spesa, ile pete inayokaa juu ya shokapu. Ni bei nafuu na gari linapanda kweli. Ila springi inabaki ileile iliyochoka, na gurudumu likining'inia mkono wa chini, ule wa chuma unaoshika gurudumu, unashuka kupita ulipokusudiwa. Hapo bol-jointi (kiungo cha mkono na gurudumu) na sivi jointi (kiungo cha ekseli kinachozungusha gurudumu) ndizo zinazoumia.

Nikaenda kwenye springi mpya. Chapa utakazoonyeshwa madukani, Old Man Emu, Ironman, Dobinsons, ni za Australia, na zinapangwa kwa uzito: kuna ya bampa la kawaida, kuna ya ngao, kuna ya ngao na winchi, ile mashine ya kujivuta ukikwama. Zote zinalenga kukupandisha sentimita 4 hivi, *zikikaliwa na uzito wake*. Muuzaji alinisukumia ya winchi: "Chukua hii bosi, winchi utafunga baadaye." Nikamwambia winchi sina na sina mpango nayo. Springi nzito isiyo na mzigo haizami. Pua inasimama juu kupita kiasi, mikono ya juu inakaa vibaya, na kwenye rasta gari linakudundisha hadi meno. Nikachukua ya ngao, pamoja na shokapu mpya, maana za zamani zilishaanza kuvuja.

Kabla ya kufungua chochote tulipima kutoka katikati ya habu hadi ukingo wa madigadi: kushoto sentimita 48, kulia 47. Upande wa dereva kushuka kidogo ni jambo la kawaida kwa Hilux, kwa hiyo kulia tuliongeza kipande chembamba juu ya springi. Sasa zote zinasoma 52.

Kufunga kwenyewe, angalia mtu ana kibanio cha springi cha maana. Springi iliyobanwa ikichomoka inaua, si masihara. Halafu boliti za mikono ya chini zikazwe mwisho gari likiwa limekaa chini kwa matairi yake, la sivyo bushi, zile raba za kwenye maungio, zinabaki zimejipinda na hazidumu. Boliti zangu za alaimenti zilikuwa zimegoma kwa kutu. Fundi alizilainisha kwa mafuta na moto mchana kutwa. Alaimenti usiiruke, tairi litaliwa upande mmoja. Na taa zishushwe: wenye mabasi barabara ya Makuyuni walinipigia fulu mpaka nikaelewa.

Mwendo umebadilika sana. Ukifunga breki pua haiinami kama zamani, na kwenye mashimo gari linashuka mara moja na kutulia. Kwenye lami ya mjini gari liko gumu kidogo kuliko mwanzo, kwangu si tatizo.

Kinachobaki ni nyuma. Gari likiwa tupu limekaa sawasawa, ila nikipakia magunia ya mahindi mkia unashuka na pua inaangalia juu, kwa hiyo kabla ya mavuno nyuma naongeza bapa moja kila upande.