NumPy kwenye matokeo ya moku: watoro wangu walipata A mara mbili

Nyota nne kati ya tano. Ya tano nimeizuia, na sababu ninayo.

Nafundisha hesabu sekondari ya kata, na kila moku (mtihani wa majaribio) ikiisha mzigo wa matokeo unaniangukia mimi kwa kuwa nina laptopu. Kidato cha nne wako 212. Zamani nilitumia Excel, fomula za IF zikiwa zimepachikwa moja ndani ya nyingine kama sufuria za dukani. Mwaka huu nikahamia NumPy, maktaba ya lugha ya programu ya Python ya kushughulikia safu za namba. Ni ya bure, na kuipakua hakukula hata MB 20 za bando.

Utamu wake ni kwamba swali unaliuliza mara moja kwa wote. Safu ya alama za somo nimeiita alama. Ukiandika alama >= 75 unarudishiwa safu nyingine yenye majibu 212 ya True na False. Hiyo inakuwa chekeche: alama[alama >= 75] inakutolea wenye A tu, bila lupu ya kupitia mmoja mmoja. Aliyezoea if ya kawaida hapa ataumia. Ukiandika if alama >= 75 inagoma kwa ValueError; majibu yako 212, ifuate la nani? Hata and ya kuunganisha masharti inagoma vilevile. Tumia &, na kila sharti lifungie mabano yake.

Sasa kisa chenyewe. Kwa madaraja nilianza na np.where (np ni kifupi cha NumPy): sharti, kisha jibu likiwa kweli, kisha jibu lisipokuwa kweli. Tabia ya Excel ikanifuata:

d = np.where(alama < 30, 'F', np.where(alama < 45, 'D', np.where(alama < 65, 'C', np.where(alama < 75, 'B', 'A'))))

Kufumba na kufumbua, imemaliza. Nikachapa mkeka wa matokeo, nikampelekea mwalimu wa taaluma kabla haujabandikwa. Akashuka na kidole, kikasimama. "Mwalimu, huyu kijana hajakanyaga hapa tangu Aprili. A ya Fizikia kaitoa wapi?"

Nafasi tupu kwenye faili langu zilisomwa kama nan, yaani "si namba", na nan ukiiuliza kama ni ndogo kuliko namba yoyote, jibu ni False. Si chini ya 30, si chini ya 45, si chini ya 65, si chini ya 75. Watoro wakateleza hadi mwisho wa mstari, wakaokota A. Excel angalau seli tupu huihesabu sifuri, mtoro akala F yake.

Nikarekebisha chapuchapu, watoro wapewe ABS, yaani hakuwepo:

d[np.isnan(alama)] = 'ABS'

Nikachapa upya. Bado A! Nilikaa nusu saa nikiitazama ile karatasi. Kumbe safu d ilizaliwa na maneno ya herufi moja moja, kwa hiyo ABS ilikatwa ikabaki herufi ya kwanza. Hakuna kosa lililotajwa wala onyo. Nyota ya tano imepotelea hapo.

Kilichoniokoa ni np.select. Unaipa orodha ya masharti na orodha ya majibu; sharti la kwanza kutimia ndilo linaloshika:

m = [np.isnan(alama), alama >= 75, alama >= 65, alama >= 45, alama >= 30]
d = np.select(m, ['ABS', 'A', 'B', 'C', 'D'], default='F')

Watoro wanakaguliwa mlangoni kabla ya yeyote. Na inasomeka, hata mwenzangu wa Kiswahili aliielewa. Ila default usiisahau, maana usipoitaja inachukuliwa kuwa 0, na matoleo mapya ya NumPy hugoma kuchanganya namba hiyo na maneno.

Kero ndogo: kwenye wastani (n ni idadi ya masomo aliyofanya mtoto) niliandika np.where(n > 0, jumla / n, 0), na onyo la kugawanya likatokea kwa mtoto ambaye hakufanya somo hata moja. np.where huletewa pande zote mbili zikiwa zimeshakokotolewa, ndipo ichague. Jibu ni sahihi, onyo ndilo linalotisha.

Mkeka ulibandikwa Ijumaa. Mwalimu wa taaluma siku hizi akipokea karatasi yangu huanza na majina ya watoro.