Kozi ya HTML ya jioni, Wandegeya: msingi mzuri, kijitabu kilichochakaa

Kituo cha kompyuta ninachokitathmini hapa kiko Wandegeya, Kampala, na sitakitaja jina kwa sababu kasoro zake si zake peke yake. Kozi yake ya jioni hufundisha HTML, lugha ya kuandikia kurasa za wavuti, na imekusudiwa mtu ambaye hajawahi kuandika hata mstari mmoja wa msimbo. Mwalimu, ambaye ni mzaliwa wa Busia, hufafanua kwa Kiswahili kila Kiingereza kinapomshinda mwanafunzi, jambo ambalo si rahisi kulipata katika madarasa ya Kampala.

Sifa kubwa ya kozi ni kwamba mafunzo yote hufanyika kwa Notepad, programu sahili ya kuandikia maandishi kwenye Windows, na kivinjari tu. Mwanafunzi huandika faili, hulihifadhi kwa jina linaloishia na .html, kisha hulifungua na kuona matokeo papo hapo bila kutumia data hata kidogo. Na katika nchi ambayo data ya intaneti imetozwa ushuru wa asilimia 12 tangu Julai 2021, utaratibu huo unampunguzia gharama anayefanya mazoezi nyumbani. Zaidi ya hayo, kwa kuwa hakuna programu ya kumfungia tagi, yaani zile alama za HTML zinazozunguka maandishi, mwanafunzi hugundua mapema kwamba tagi ya kiungo isipofungwa, maandishi yanayofuata nayo hugeuka kiungo. Somo hilo halisahauliki.

Kijitabu cha kozi ndicho kinachoniudhi. Bado kinafundisha tagi za "font" (ya mwonekano wa herufi) na "center" (ya kuweka maandishi katikati), ambazo toleo la HTML 4 lilikuwa imeshaanza kuwakataza watu kuzitumia mwishoni mwa miaka ya 1990, na ambazo hazikupewa nafasi katika HTML5 iliyopitishwa na W3C, shirika la viwango vya wavuti, Oktoba 2014. Vivinjari vinaendelea kuzionyesha ili kurasa za zamani zisiharibike, na pengine ndiyo maana hakuna aliyeona haja ya kuzifuta. Jioni nzima ilitumika kwa "marquee", tagi ya kuyatembeza maandishi kama tangazo la basi; darasa lilichangamka, lakini ni tagi ambayo fundi wa leo hana kazi nayo.

Lililo zito zaidi ni kwamba simu haikutajwa kabisa. Ukurasa usio na tagi ya "meta" yenye maelezo ya "viewport" huchorwa na kivinjari cha simu kana kwamba kioo kina upana wa kompyuta, kisha hupunguzwa mpaka herufi zinakuwa ndogo mno kusomeka. Wateja wa mwenye duka katika masoko ya Kampala kama Owino au Kikuubo humtafuta kwa simu, kwa hiyo mstari huo mmoja ungemfaa kuliko sura nzima ya majedwali ya kupangia ukurasa, kazi ambayo siku hizi hufanywa na CSS, lugha ya kupangia mwonekano wa ukurasa.

Vilevile hatukuambiwa kutangaza ndani ya ukurasa UTF-8, mfumo wa usimbaji unaokiambia kivinjari jinsi ya kusoma herufi na alama. Mwenzetu alinakili tangazo la ng'ombe wa maziwa kutoka Word, na ile alama ya ng' ikajitokeza kwenye kivinjari kama rundo la alama zisizoeleweka. Wala hakuna aliyetuonyesha kwamba tagi ya kwanza ya ukurasa huandikwa lang="sw" kwa Kiswahili au lang="lg" kwa Luganda, ili programu inayowasomea wasioona ijue ni matamshi ya lugha gani itumie.

Ada ya kozi ni ya wastani na hulipwa kwa mafungu kupitia simu. Kwa anayeogopa kompyuta, mwalimu huyu anastahili fedha hiyo. Anayesoma Kiingereza bila shida na kujituma mwenyewe atapata mengi zaidi bure katika MDN, hazina ya maelezo iliyoanzishwa na Mozilla mwaka 2005. Yeyote atakayejiunga aombe kukiona kijitabu kabla ya kulipa fungu la kwanza, na kama hakina neno "viewport", amuulize mwalimu iwapo somo hilo litafundishwa na jioni ipi.