Kulala Vihiga, kufanya kazi Kisumu: maoni yangu kuhusu matatu za Mbale

Watu wanauliza sana kama inawezekana kuishi Vihiga na kufanya kazi Kisumu, hasa walimu na manesi waliopata kazi juzi, na wale wa maofisini waliochoka kulipa nyumba taoni. Inawezekana, mimi ndio maisha yangu hayo, lakini yote yanategemea gari. Kwa hivyo leo nataka nizungumzie matatu za laini ya Mbale–Kisumu, zile za abiria 14 zinazopita Majengo na Kiboswa, na kidogo hizo gari ndogo za Probox. Sitaji sako yoyote (hivyo vyama vinavyoendesha matatu) kwa jina kwa sababu tabia zinafanana karibu kwa zote, na mimi sina ugomvi na mtu mmoja, nataka laini yote ikae sawa.

Kwa mgeni wa huku, Mbale ndio makao makuu ya kaunti ya Vihiga, hapa magharibi mwa Kenya, zamani ikiwa ndani ya Mkoa wa Magharibi, na Kisumu ilikuwa ndio makao ya Mkoa wa Nyanza. Mikoa iliisha kaunti zilipoanza 2013 lakini wazee ndani ya gari bado wanaongea hivyo, "nimeenda Nyanza kutafuta," na mpaka wenyewe uko pale Kiboswa sokoni. Umbali ni kama kilomita 25 kwa hii barabara ya Kisumu–Kakamega. Lami iko sawa, unavuka ikweta, unateremka Riat, unapata Mamboleo, Kondele, halafu taoni. Njia ikiwa wazi haifiki saa nzima.

Asubuhi sina malalamiko hata kidogo. Saa kumi na moja na nusu pale steji ya Mbale utapata gari imewashwa taa ndani na konda anaita. Vihiga ni kaunti ndogo yenye watu wengi, sensa ya 2019 ilihesabu watu 590,013, na wengi wetu tunatafuta riziki Kisumu, kwa hivyo gari inajaa chap chap, hukai sana. Na watu wanajuana. Kuna mwalimu, kuna wa benki, kuna wamama wanaopeleka mboga za mrenda na saga kwa masoko ya Kibuye na Jubilee, kila mtu na siti yake ya mazoea, na ukichelewa konda anauliza, "Na yule nesi wa Russia ako wapi leo?" (Russia ndio hospitali ya Jaramogi, watu wa huku hatujawahi kuacha kuiita hivyo.) Kuna siku wamemngoja huyo nesi na hakuna abiria aliyenung'unika. Madereva wa hiyo saa ni watu wazima, wanajua abiria wao wanaripoti kazini saa mbili na wakizembea leo kesho utapanda ya mwingine. Ila toka mapema. Ukitoka Mbale kabla ya saa kumi na mbili unapita Kondele kukiwa bado shwari, ukitoka saa kumi na mbili na nusu unaanza kusimama simama kutoka Mamboleo mpaka ufike, hapo sasa usimlaumu dereva.

Kitu kingine ninachopenda ni hayo maongezi. Kabla ya Kiboswa konda anaita kwa Kimaragoli, mkishavuka anaita kwa Kijaluo, na abiria pia wanabadilika hivyo hivyo, mtu anapokea simu ya nyumbani na ya kazini kwa lugha mbili tofauti na anamgeukia jirani kwa Kiswahili. Kijaluo changu chote nimekiokota ndani ya hizo gari na leo nahudumia wateja nacho dukani. Na uaminifu upo. Jirani yangu alisahau bahasha ya vyeti vya mtoto chini ya kiti, kesho yake asubuhi bahasha ilikuwa kwa duka la pale steji Mbale, konda aliiacha hapo na hakuitisha hata ya chai.

Jioni ndio kuna kazi.

Unafika steji Kisumu saa kumi na moja na nusu umechoka, unaona gari imebakisha viti viwili, unaingia mbio, unalipa. Halafu wale uliodhani ni abiria wanaanza kushuka mmoja mmoja, huyu anaenda kununua maji, huyu ameitwa nje, mwishowe unabaki wewe na mama mmoja na gunia lake la omena. Walikuwa vijana wa steji, wamewekwa pale gari ionekane imejaa. Sasa mnakaa dakika arubaini, joto lote la mchana limebaki ndani ya hiyo bati, na konda yuko nje na pesa yako. Hii tabia inaumiza watu kwa kweli, kuna mama amemwachia jirani mtoto na ameahidi kurudi saa moja. Dawa ni kuangalia mikono kabla hujaingia. Mtu anayeenda nyumbani jioni ana kitu, mkate, maziwa, samaki kwa gazeti, bagi ya kazi. Ukiona wanaume watano mikono mitupu na hakuna hata mmoja anayeangalia saa, hiyo gari haiendi saa hii, tafuta nyingine. Na usilipe kabla haijatoka steji, konda akisema ni lazima mwambie utalipa mkifika Kondele, wengi wao wanakubali.

Sasa nifike kwa hili la Kiboswa, na ndilo limenifanya niandike haya yote. Konda ameita "Mbale, Mbale, Chavakali" mpaka sauti imekauka, umempa pesa ya Mbale, mmetoka. Watu wanashuka Mamboleo, wengine Riat, mkifika Kiboswa mmebaki watano au sita. Gari inaingia kando. Dereva anaona haimlipi kumaliza safari na viti vitupu wakati Kisumu kuna foleni ya watu, kwa hivyo konda anashuka, anaongea na konda wa gari nyingine, noti inatoka mkono huu inaingia ule, halafu mnaambiwa, "Ingieni ile ya mbele, mshalipiwa." Mmeuzwa. Gari yenu inageuza inarudi Kisumu na nyinyi mnaanza kutafuta siti kwa gari ambayo tayari ina watu wake.

Na hapo ndio maneno yanaanza. Konda wa pili anasema alipewa ya Majengo peke yake, wewe wa Mbale ongeza hamsini. Ukimwambia ulilipa yote anakujibu ongea na yule aliyekubeba, na yule aliyekubeba saa hizo yuko Mamboleo. Siti hakuna, kuna sambaza, kale kaubao kanakolazwa katikati ya viti viwili, mtu anakalia nusu na kushikilia nyuma ya kiti cha mwenzake mpaka afike. Mvua ikiwa inanyesha, na kwetu Vihiga mvua ya jioni si kitu cha kuuliza, mnahama gari gizani mkikanyaga matope. Nimeona mama mzee akiteremshwa hivyo na gunia na mfuko wa samaki, amefika kwa ile gari nyingine wanamwambia mzigo wake haukulipiwa, na huyo mama alikuwa amelipa mbele ya macho yetu. Abiria tuliinua sauti mpaka wakambeba, lakini siku ambayo ako peke yake nani atamsemea?

Nyinyi viongozi wa hizi sako, ninyi ni watu wetu, tunakutana kanisani na matangani, nawaomba kwa heshima. Kama gari haifiki Mbale, ita Kiboswa. Tutapanda tu, kubadilisha gari tunajua, na kila mtu atalipa pale na pale. Ama kama imebidi mtu ashukie njiani, pesa iliyobaki arudishiwe mkononi mwake yeye mwenyewe, isipite kwa konda mwingine. Wakati wa mabishano ya nauli pale Kiboswa sijawahi kuona afisa wa sako hata mmoja, lakini asubuhi pale Mbale wako na vitabu vyao wakihesabu gari. Mtu mmoja tu pale kuanzia saa kumi na mbili jioni mpaka saa tatu angemaliza hiyo shida.

Nauli yenyewe, mimi nalipa shilingi 100 asubuhi na 150 jioni, mvua ikinyesha inaenda mpaka 200. Kwa siku za kawaida ni 250, kwa mwezi wa siku 22 za kazi hiyo ni 5,500. Naona inanilipa kwa sababu nyumba ni yangu na maji natoa kisimani, lakini ukiwa unapanga nyumba Mbale na bado unalipa gari kila siku kaa chini upige hesabu vizuri. Kinachoniuma ni kwamba EPRA, wale wa serikali wanaosimamia kawi, ikitangaza bei ya mafuta kila tarehe 14, ikipanda tu nauli inapanda asubuhi yake, ikishuka nauli inabaki pale pale. Msafiri wa kila siku anastahili bei inayoeleweka, hata kama ni karatasi imebandikwa dirishani. Na Desemba usinitajie, watu wa Nairobi wakishuka nyumbani bei inakuwa ni ya kuelewana, na ile tarehe 26 ya tamasha la Wamaragoli pale Mbale barabara inafunga kabisa, siku hiyo kama huna lazima ya kwenda Kisumu usiende.

Probox ni za haraka na zinakushusha mlangoni karibu, sikatai. Lakini gari ya watu watano inabeba nane, tisa, mmoja amekaa na dereva kiti kimoja na anamsogezea mguu ndio abadilishe gia. Mimi sipandi tena, hata nikichelewa.

Na hapo nitasema jambo la usalama kwa sababu hii barabara tunaijua. Ule mteremko wa kuingia Mamboleo si wa kuchezea. Agosti 2025 basi la waombolezaji lilipinduka pale mzunguko wa Coptic, watu zaidi ya 20 wakafa, familia moja ikapoteza watu wengi mara moja, na sisi tunaopita hapo kila asubuhi tuliona lile eneo na bado tukipita gari inanyamaza kidogo. Sheria za matatu za 2004, zile za waziri Michuki, zilileta mikanda, abiria 14 na spidi gavana ya kilomita 80 kwa saa, na gari nyingi za asubuhi zinafuata, madereva wanashika gia ndogo kutoka juu Riat mpaka chini. Nawashukuru hao, na nawaambia wazi wakiwa wanaendesha. Jioni usiku ukiingia baadhi ya vijana wanakimbizana kurudi Kisumu kuchukua raundi nyingine, mikanda imekatika ama imekaliwa huko chini ya siti. Ukiona hivyo sema. Sema kwa sauti na wengine watakuunga mkono, nimeona dereva akipunguza mwendo kwa sababu wamama watatu wa nyuma walimwambia wana watoto nyumbani.

Ukiniuliza alama, asubuhi nawapa tano kwa tano. Jioni mbili, na hizo mbili ni kwa sababu mwishowe unafika. Kuhama sihami. Kisumu naipenda, kazi yangu iko huko na pesa yangu naipata huko, lakini usiku wa Februari ndani ya chumba cha mabati pale Nyalenda na mbu wake nimeuishi, na kulala Mbale na blanketi mbili, watoto wakienda shule kwa miguu na bibi yao akiwa hapo jirani, siwezi kubadilisha.

Kwa wale waliouliza: kama unaingia saa mbili na kutoka saa kumi na moja, kaa Vihiga, lakini kaa karibu na lami, Mbale ama Majengo, usiende ndani sana mahali utaongeza bodaboda asubuhi na jioni. Kama kazi yako ni ya shifti, hasa nyinyi manesi, tafuta chumba Kondele ama Mamboleo cha hizo siku za usiku, nyumbani uende siku za kupumzika. Na siku ambayo umechelewa kutoka, saa mbili usiku hivi, achana na steji kubwa. Simama Kondele upande wa kwenda Kakamega, ngoja gari ya Kakamega ama ya Kitale, uliza kwanza kama watakushusha Mbale, ndio ulipe. Hizo zinaenda mbali, Kiboswa hazisimami kuuza mtu.